Bastola Kiunoni na Usalama wa Umma

Mfanyabiashara wa Kibaha au Kisarawe anayefunga duka usiku akiwa na mauzo ya kutwa ana haki ya kuhofu. Kwa hofu hiyo huuliza: bastola ipi ni ndogo, hujipakia risasi yenyewe na hufichika vyema chini ya shati? Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza.

Mkoa wa Pwani una fundisho lake. Tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa wilayani Kibiti, na silaha zao zikaporwa. Hao walikuwa na mafunzo, tena walikuwa kundi. Anayevizia ndiye huchagua saa na mahali. Bastola iliyofichwa haimtishi, kwani haioni, na mwenyewe akizidiwa huwa nyara.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni. Na iheshimiwe. Lakini mkulima wa Kisarawe asiyemudu bastola atalindwa na nani? Tudai kwanza vituo vya polisi vyenye askari na magari. Usalama ni huduma ya umma. Tukiugeuza bidhaa, maskini ndiye atakayebaki shabaha.