Kuhama Subversion: majibu kwa wanaokataa

Kampuni ninayoizungumzia iko hapa Kapsoit. Inaandika programu za kupima majani chai vituoni na kukokotoa malipo ya wakulima, na msimbo wake wote umekaa ndani ya Subversion, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, tangu ianze. Kila kuhamia Git, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, kunapotajwa, hoja za kukataa huja kwa mkupuo. Chache zina uzito.

Inayorudiwa zaidi ni kwamba intaneti ya huku ni ya kubahatisha, kwa hiyo Git tuwaachie watu wa Nairobi wenye faiba. Mambo ni kinyume. Subversion ndiyo inayokulazimu kuifikia seva kila unapotaka kuhifadhi badiliko au kusoma kumbukumbu za nyuma. Kericho mvua hupenda kuanguka alasiri, mara nyingi na mawe yake. Stima ikipotea, seva ya ofisi nayo imezima, na mwenye kompyuta iliyojaa chaji anabaki kuitazama tu. Kwa Git, historia nzima imo ndani ya kompyuta yako. Unahifadhi badiliko moja, la pili, la tano, na mtandao ukirudi unayasukuma yote pamoja. Linus Torvalds alipoianza Aprili 2005, baada ya wenye BitKeeper, mfumo wa matoleo uliotumiwa na Linux, kuondoa ruhusa ya kuutumia bure, alikuwa akihudumia waandishi wa Linux waliotawanyika duniani kote. Kufanya kazi mbali na seva ndiyo shughuli iliyotengenezewa.

Kuna wanaokubali kuhama lakini wanasema: tubebe msimbo ulivyo leo, ya zamani ni takataka. Hapa sikubali hata kidogo. Chukua mstari mmoja tu, ule unaotoa uzito wa gunia kabla kilo za mkulima hazijaandikwa. Bonasi ikitoka, mkulima akija na risiti zake za mwaka mzima akiuliza kwa nini kilo zimepungua kuanzia mwezi fulani, jibu limo kwenye historia: nani aligusa mstari huo, lini, na aliandika sababu gani. Ukianza upya, programu nzima itaonekana imeandikwa siku moja na mtu mmoja, yule aliyeihamisha. Huyo ndiye atakayeulizwa, naye hana la kujibu.

Wengine wanaogopa kwamba historia itapotea hata tukiibeba. Chombo cha git svn husoma kila toleo kwa mpangilio na kuliandika upya ndani ya Git, na kwa kawaida huacha namba ya zamani ya Subversion mwishoni mwa maelezo ya kila badiliko. Daftari la ofisi likisema "tazama r412", r412 itapatikana. Kinachopotea ni vitu vidogo, kama folda tupu, kwani Git haizitambui. Matoleo yaliyotiwa alama nayo yatakuja kama matawi, itabidi kuyageuza kwa mkono.

Ugumu wenyewe uko kwenye majina, na ajabu ni kwamba wapinzani hawautaji. Subversion huridhika na jina la kuingilia. Git hutaka jina kamili na baruapepe. Kwa hiyo huandikwa faili la waandishi, mstari mmoja kwa kila mtu. Sasa "koech" ni nani, ikiwa Koech wawili wamepitia ofisi hiyo kwa nyakati tofauti? Na "ofisi", akaunti iliyotumiwa na kila aliyekaa kwenye kompyuta ya mlangoni? Hakuna programu itakayolijua hilo. Ni kumpigia simu mzee wa kazi, na pasipojulikana, kuandika wazi kwamba hapajulikani.

Hoja ya siri, kwamba msimbo wetu utaonwa na watu wa nje, ina nusu ya ukweli. Git si GitHub, ile tovuti ya kuweka hazina za Git. Hazina yako inaweza kukaa kwenye seva ileile ya ofisini bila mtu wa nje kuiona. Lakini kama ufunguo wa kuunganisha programu na M-Pesa uliwahi kuandikwa ndani ya faili kisha ukafutwa, bado umo kwenye historia, na kila atakayechukua nakala atauchukua nao. Badilisha ufunguo kwanza. Kufuta peke yake hakutoshi.

Kwamba mifumo mikubwa haihamishiki, hilo halihitaji maneno mengi. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ilitoka Subversion ikaingia Git. DHIS2, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 kwa ripoti za vituo vya afya, ilitoka Bazaar, mfumo mwingine wa matoleo. Microsoft ilihamisha Windows, gigabaiti 300 hivi, ingawa ililazimika kubuni chombo cha pekee kwa ajili hiyo. Mwenye mafaili mazito ya picha na video ana haki ya kusitasita. Msimbo wa mizani si mzigo wa aina hiyo.

Mwisho kuna mwenye haraka, anayesema Jumamosi moja inatosha. Kunakili, labda. Ila kwanza fanya jaribio, ulinganishe toleo la mwisho la pande zote mbili faili kwa faili, na usichague miezi ya bonasi. Siku ya kuhama ikifika, Subversion ifungwe isipokee chochote kipya lakini iendelee kusomeka, maana yupo atakayekumbuka Jumatatu kwamba kazi yake ya Ijumaa bado iko kwenye kompyuta ya nyumbani.