Nyumba Yako Ina Thamani Gani, na Kwa Kauli ya Nani?



Siku za posa wazee wetu huuliza mengi: dini yake, kazi yake, ukoo wake. Siku hizi limeongezeka swali la nyumba, na jibu huja na tarakimu: "Ana nyumba ya milioni themanini." Wengi wetu husema mashaallah tukapita. Mimi nasema tusipite. Milioni themanini kwa kauli ya nani, ya mwaka gani, na kwa shughuli gani? Bila majibu hayo matatu, bei ya nyumba ni maneno tu.

Mfano wangu uko mbali na visiwani, lakini una funzo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliopo Nyamongo wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kila unapotaka kupanuka, wenye nyumba na mashamba hufanyiwa uthamini ili walipwe fidia wahame. Hapo likashamiri neno "tegesha". Mtu akisikia eneo fulani litachukuliwa, hupandisha nyumba haraka haraka na kujaza miti, si kwa kukaa wala kuvuna, bali kumngoja mthamini apite. Mgodi na serikali wamekuwa wakizikataa nyumba hizo, na ugomvi umedumu miaka.

Tegesha ni kuchukua kisicho chako, sina njia ya kuipamba. Lakini tusiwalaumu wanakijiji peke yao. Mwenye nyumba halali naye huambiwa asiendeleze kitu baada ya kuthaminiwa. Fidia ikichelewa, bati linatoboka na ukuta unapasuka huku bei ya saruji ikipanda. Anayetegesha na anayepunja wote wanaichezea mizani ile ile, na dini yetu imetuonya vikali juu ya kipimo.

Sheria ya Bara imejaribu kuiweka sawa mizani hiyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zinasema msingi wake ni bei ya soko, na juu yake huongezwa posho za usumbufu, usafiri na makazi. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka kazi ifanywe na mthamini aliyesajiliwa na fidia iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa inadaiwa riba, na uthamini ukipita miaka 2 hautumiki tena. Kumbe hata serikali inakubali kwamba bei ya nyumba huchacha kama maziwa.

Tatizo ni hiyo bei ya soko. Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, nyumba ngapi huuzwa kwa mwaka, na bei yake huandikwa wapi? Mara nyingi hubaki kwa muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Mthamini asipopata mauzo ya kulinganisha, huhesabu gharama za kujenga upya akatoa uchakavu. Ni hesabu ya kitaalamu, ila haikuambii kesho nani atakulipa kiasi hicho.

Mitandaoni ndiyo usiseme. Dalali akiweka nyumba ya Mugumu au ya Fuoni kwenye simu, ile ni bei anayoitaka, si bei iliyolipwa. Hata Marekani, kwenye kumbukumbu nyingi za mauzo, kampuni ya Zillow iliyokuwa ikinunua nyumba kwa kutegemea makadirio ya kompyuta ilitangaza kufunga biashara hiyo Novemba 2021 baada ya makadirio kuitia hasara kubwa. Wala usidanganywe na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU. Ile ni kiwango kimoja kwa nyumba zote za kawaida, haipimi thamani.

Sasa tuje kwetu wanawake. Siku ya uthamini wa fidia mwenye mali huandikwa jina na kupigwa picha mbele ya nyumba. Nani husimama kwenye picha ile? Mara nyingi baba. Katika miji ya Mara yenye wake kadhaa, kila mke na nyumba yake, karatasi ikibeba jina moja la mume basi fedha zote zinapita mkono mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, lakini utaridhia vipi jambo ambalo hukuitwa?

Na mirathi je? Mjane mwenye mume aliyeacha watoto ana thumni. Nyumba ya milioni 80 ikiandikwa milioni 40, thumni yake inashuka kutoka milioni 10 hadi milioni 5. Nusu ya haki imeondoka na hakuna aliyevunja mlango.

Kwa hiyo bi harusi mtarajiwa, ukiahidiwa nyumba kwenye mahari, iandikwe iko wapi na kwa jina la nani, siyo bei peke yake. Mke uliyeko Bara, mthamini akija toka nje, taja majengo na miti yako, usisaini fomu yenye nafasi tupu, na uombe nakala. Wagawaji mirathi, leteni mthamini aliyesajiliwa, asiwe jamaa wa mrithi. Zanzibar tuna sheria zetu za ardhi, ila maswali ni yale yale.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuuliza bei si tamaa, dada yangu. Ni kulinda amana.