MPIRA WA PETE KANDA YA DHAHABU: TUSISUBIRI KOMBE LA MBUNGE

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha pili kwenye shule moja ya kata wilayani Kahama. Nilikuwa nacheza mpira wa pete, namba yangu WA, na nilikuwa kapteni. Uwanja tulichora kwa majivu. Nguzo zilikuwa miti ya kawaida, na pete tulikunjiwa nondo na fundi wa kuchomelea ambaye alikataa kuchukua hela yetu. Mpira ulikuwa mmoja, ukipasuka mnakaa wiki mbili mnaangalia wavulana wakicheza soka.

Tulikuwa saba wa kikosi cha kwanza. Naomba niwaambie tulipoishia. GK aliolewa likizo ya Desemba akiwa na miaka kumi na sita, ng'ombe zikahesabiwa, shule ikaisha. C alipata mimba mwaka uliofuata, jina likakatwa kwenye daftari la darasa. GD aliacha shule akaenda kwa dada yake Geita, mpaka leo yuko kwenye karasha anachambua mawe. GS anauza chakula kwa wachimbaji wadogo, leo rashi iko huku, kesho iko kule, naye anahama na sufuria zake. Tuliomaliza kidato cha nne ni watatu tu: GA, WD na mimi.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Habari ya GK mimi niliijua wiki nzima kabla. Hakuja mazoezini Jumatatu, hakuja Jumatano, na wenzangu walishanong'onezana kwamba wageni wameshafika kwao. Mwalimu wa michezo alikuwa amehamishwa na hakuna aliyechukua nafasi yake. Mimi kapteni nilijua, nikanyamaza, kwa sababu sikujua naenda kumwambia nani. Nikampanga mtu mwingine golini.

Ndiyo maana leo naandika kuhusu netiboli kwenye ukumbi wa siasa. Wapo wenzetu watakaosema kuna Katiba mpya, kuna tume ya uchaguzi, kuna bei ya mbolea, huyu dada anatuletea mpira. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwanza tuangalie hela ya michezo inakwenda wapi. Mwaka 2023 Rais alianza kununua magoli ya Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, shilingi milioni tano kwa kila goli. Nchi nzima ikaimba Goli la Mama. Sina ugomvi na mtu anayempongeza mfungaji, mimi mwenyewe nilishangilia. Lakini mwaka huo huo, Julai, Kombe la Dunia la netiboli lilifanyika Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Uganda walimaliza nafasi ya tano duniani, mbele ya wenyeji Afrika Kusini. Malawi wakawa wa saba. Zimbabwe nao walikuwepo. Taifa Queens yetu haikuwepo. Malawi na Uganda si matajiri kuliko sisi. Wenzetu walichukulia mchezo wa wasichana kuwa mchezo.

Tukishuka huku kwetu hali ni ile ile. Shinyanga na Geita hatukosi timu za soka. Mwadui FC ilikuwa na jina la mgodi wa almasi. Stand United, Chama la Wana, ilizaliwa stendi ya mabasi ikafika Ligi Kuu. Geita Gold ni timu ya halmashauri yenye udhamini wa mgodi mkubwa wa dhahabu. Haya, sasa nitajie klabu moja ya netiboli ya ukanda huu unayoijua kwa jina namna hiyo. Binti akimaliza UMISSETA na kidato cha nne, mchezo umeisha. Akitaka kuendelea, njia inayoonekana ni kupata ajira kwenye timu za majeshi na taasisi kama JKT Mbweni au Uhamiaji. Ni wangapi kutoka Nyarugusu au Kakola watafika huko? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunachezea kwetu na hatutunzwi.

Halafu ukija msimu wa uchaguzi, hapo ndipo utaliona Kombe la Diwani na Kombe la Mbunge. Wavulana wanapewa jezi seti nzima, mshindi anachukua ng'ombe. Wasichana wanaitwa kucheza mechi moja ya utangulizi, juani, wakati mgeni rasmi hajafika, na zawadi yao ni mipira miwili na picha. Uchaguzi ukipita, nguzo zinageuzwa kuni.

Hasara ya jambo hili haipimwi kwa vikombe. Takwimu za afya ya uzazi za mwaka 2010 ziliiweka Shinyanga ya kwanza nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, kwenye shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019 na kutoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka huo mmoja ulipita bila marekebisho. Na kuhusu C wetu, Juni 2017 Rais wa wakati huo alitamka hadharani kwamba mwanafunzi akizaa harudi shule. Waraka wa kuwarudisha ulikuja Novemba 2021. Kwa C ulikuwa umechelewa sana.

Mimi sisemi mpira wa pete unazuia ndoa. Ningesema hivyo ningekuwa mwongo, sisi tulikuwa na timu na bado GK aliolewa. Ninachosema ni kwamba timu ni mahali ambapo binti akikosekana, watu wanaona siku hiyo hiyo. Darasa la wanafunzi themanini linaweza kukaa mwezi bila kugundua. Wachezaji saba hawawezi, hamtimii. Kilichotukosesha sisi ni mtu mzima kidogo kutuzidi, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye angetuuliza GK yuko wapi na angejua pa kwenda.

Huyo kijana ni wewe unayesoma hapa. Kwa hiyo niseme kinachowezekana, bila kusubiri kushika dola.

Mosi, kiwanja. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Kwenye eneo la uwanja mmoja wa soka vinaingia viwanja kumi na viwili. Pete inakaa urefu wa mita 3.05, mafundi wa kuchomelea tunao kila senta kuanzia Katoro hadi Kagongwa. Kigumu ni ardhi, maana huku kwetu kila palipo wazi pana mtu anapapigia hesabu ya duara au ya kiwanja cha nyumba. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Nendeni. Ombeni eneo la michezo la wasichana, na msiondoke hadi limeandikwa kwenye muhtasari. Lisipoandikwa, mwakani mtakuta limeuzwa.

Pili, hela za migodi. Sheria ya Madini, kifungu cha 105 baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Neno ni kukubaliana. Maana yake kuna meza, na kwenye meza hiyo vipaumbele vya wananchi vinatakiwa kufika. Zahanati na madarasa viendelee kuwa mbele, sibishani. Lakini kata ikipeleka ombi la kiwanja cha pete chenye sakafu ya saruji, choo na maji, kwa maandishi, kupitia WDC na diwani, halmashauri italazimika kujibu. Tusipopeleka, tutasikia tu kwamba fedha zimejenga kitu ambacho hatukukiomba.

Tatu, uongozi wenye katiba. Tujifunze kwa Stand United. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia iliingia kuidhamini, watu wakasherehekea, halafu ugomvi wa uongozi ukaibuka na udhamini ukaondoka. Klabu ya wasichana ya kata nayo itavunjika hivyo hivyo tusipokuwa makini. Andikeni katiba fupi, isajilini kupitia afisa michezo. Mwenyekiti awe binti, mweka hazina awe mama anayeaminika mtaani, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wachezaji. Tunapiga kelele za uwazi bungeni, basi tuanze na hela ya mpira.

Nne, waamuzi na makocha. Waliocheza UMITASHUMTA na UMISSETA wamejaa mitaani, wanauza vocha, wanashona, wananyonyesha. Wanajua sheria ya sekunde tatu, wanajua mipaka ya kila namba. Wapeni filimbi. Wavulana nanyi msikae pembeni kupiga miluzi. Choreni mistari, andikeni magoli, bebeni maji, shughulikieni spika. Mpira wa pete haujakatazwa kuwa na mashabiki.

Tano, daftari la mahudhurio. Kila mazoezi majina yaitwe. Asiyefika mara mbili bila taarifa, kapteni na kiongozi mmoja wa kike wanakwenda kwao, kwa heshima, wanamsalimia mayu, wanauliza hali. Mara nyingi mtakuta ni malaria au kuna palizi. Mkikuta ni wageni wa mahari, au mtoto kapelekwa kwenye mialo kusafisha mchanga, mjue pa kwenda: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu ya mtoto 116. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na elimu, na sheria hiyo hiyo inaweka uchimbaji madini kwenye kazi hatarishi kwa mtoto. Na ulinzi uanzie ndani ya timu. Kocha wa kiume asibaki peke yake na wachezaji, safari za mechi ziwe na mama angalau mmoja. Hili halina mjadala. Kocha atakayeliona ni usumbufu, hatufai.

Nimeshawahi kujibiwa kwamba mila za Kisukuma haziruhusu binti kurukaruka mbele za watu. Jamani! Sisi ndio wa Bagika na Bagalu. Mavuno yakiisha, ngoma zinashindana na watu wanatembea kutoka mbali kwenda kuangalia nani kavuta umati mkubwa, na wanawake wanacheza. Kama suala ni mavazi, wachezee nguo ambayo mzazi hana wasiwasi nayo. Goli ni goli hata ukifunga na sketi ndefu.

Nimalizie na sisi wenyewe, maana kusema serikali peke yake ni rahisi. Kwenye shughuli zetu za vijana nimeona mabinti wanacheza netiboli asubuhi kama burudani, mchana wanapakua chakula, jioni wanashangilia hotuba za wanaume. Halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba ushiriki wa wanawake umeongezeka. Huo si ushiriki. Tena klabu za kata zisiwe za chama. Tusiwavalishe mabinti rangi zetu, tusiweke bendera kwenye nguzo ya goli. Tukifanya hivyo, mzazi wa upande wa pili atamzuia mwanae, na mtendaji atapata sababu ya kufuta kiwanja. Mchango wetu uwe muda wetu, filimbi na uwezo wa kusoma sheria. Kura, kama zipo, zitakuja zenyewe au zisije.

Likizo iliyopita nilipita kwa GK. Ana watoto wawili, binti yake mkubwa yuko darasa la kwanza. Tulikaa nje tunaongea ya zamani, mtoto akawa anarusha chungwa na kulidaka, anarusha na kulidaka. GK akamwangalia, akaniuliza, "Hivi ule uwanja wetu bado upo?"

Haupo. Pamejengwa fremu za maduka. Sikuwa na jibu la kumpa. Nataka likizo ijayo niwe nalo, na nataka wewe wa Msalala, wa Kishapu, wa Mbogwe, wa Geita mjini, uwe nalo pia. Mkutano wa kijiji chako unakaa lini? Anzia hapo.

Naomba kuwasilisha.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Kahama.