Kifaa Kipimwe kwa Mkunga wa Zamu ya Usiku

Damu inayomtoka mama baada ya kujifungua haitiririki kwenye chombo cha kupimia. Inanyonywa na khanga na pamba, inatapakaa kwenye mpira wa kitandani, nyingine inadondoka sakafuni na kuchanganyika na maji ya uzazi. Kwa miaka mingi mkunga ametakiwa aitazame kwa macho tu, kisha aseme kama imefika mililita 500, kiwango ambacho kimekuwa mpaka wa hatari. Mara nyingi hukisia pungufu, na mama anapoanza kuishiwa nguvu, muda wa kumwokoa umeshapotea.

Ndiyo maana jaribio la E-MOTIVE, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, linastahili kusomwa na kila mhandisi anayetaka kubuni vifaa vya afya ya wanawake. Hospitali zilizobaki na utaratibu wa kawaida zilikinga damu kwa mfuko wa plastiki usio na alama. Nyingine zilipewa mfuko uleule, ila una mistari ya mililita. Damu ikifika mstarini, mkunga alianza matibabu yote kwa mkupuo: kukanda tumbo ili nyumba ya uzazi ikaze, dawa ya oksitosini, ile ya traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, na uchunguzi wa kujua damu inatoka wapi.

Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Penye mifuko isiyo na alama, takriban nusu tu ya waliovuja damu kupita kiasi walitambuliwa. Penye mistari walitambuliwa asilimia 93. Hatari ya mama kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufariki kwa kutokwa damu ilishuka kwa asilimia 60. Sidai kwamba mistari peke yake ilifanya kazi hiyo. Bila dawa zilizowekwa karibu, na bila wakunga waliofunzwa kuanza pasipo kusubiri daktari, ingekuwa mapambo. Lakini ilimpa mkunga uhakika wa kuanza.

Linganisha na puto la uzazi. Miaka ya mwanzo ya 2000, Dkt. Sayeba Akhter wa Dhaka alifunga kondomu kwenye katheta, akaijaza maji ya dripu ndani ya nyumba ya uzazi ili igandamize mishipa inayovuja. Ni ubunifu wa heshima kubwa, wa daktari aliyekuwa na wagonjwa mbele yake na vifaa vichache mkononi. Hata hivyo, puto la aina hiyo lilipoingizwa katika hospitali 18 za Uganda, Misri na Senegal, upasuaji na vifo vitokanavyo na kuvuja damu havikupungua. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha vimeongezeka. Hilo halithibitishi kwamba puto lina madhara. Kwa maoni yangu, tatizo ni mahali linapoingia: mwishoni, dawa zikishashindwa, kwenye mikono isiyolizoea, na pengine mama anacheleweshwa kupelekwa chumba cha upasuaji.

Wapo watakaosema tukidai majaribio namna hii kabla ya kupokea vifaa vipya, wanawake wataendelea kufa tukisubiri. Hoja hiyo naiheshimu, lakini Marekani ilishapita njia ya mkato. Nyavu za plastiki za kutibu kizazi kilichoshuka, zilizowekwa kupitia ukeni, ziliruhusiwa kwa kuwa zilifanana na bidhaa za zamani, bila kujaribiwa kwanza kwa wanawake. Wengi walibaki na maumivu ya kudumu, na Aprili 2019 mamlaka ya nchi hiyo ikaamuru mauzo yasimame.

Mfuko wenye mistari umeshajaribiwa, tena kwenye wodi zetu, na mwishoni mwa 2023 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza. Sasa suala ni nani anaununua. Katika vituo vingi mjamzito bado anaambiwa aje na glovu, pamba, wembe na mpira wake. Mfuko huu ukiongezwa kwenye orodha hiyo, asiye na hela atalazwa kwenye mpira mtupu na damu yake itakisiwa kwa macho kama zamani. Bohari ya Dawa kwa Tanzania na mamlaka ya vifaa tiba, KEMSA, kwa Kenya ziuingize kwenye manunuzi ya kawaida, pamoja na traneksamiki, hadi zahanati ya mwisho inayozalisha, na bajeti yake isitegemee mradi wa mfadhili.