UWANJA NI WETU, LANGO NI LA NANI?



Mwezi wa Agosti 2025 sisi wa Kitengela tulishikwa na homa moja. Watu waliotoka zamu kule Athi River hawakuulizana habari za mshahara wala za kodi ya nyumba. Waliulizana, "Harambee Stars wanacheza saa ngapi?" Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, na timu yetu, ambayo tuseme kweli hatukuitumainia sana, iliifunga Kongo bao moja, ikatoka sare na Angola, kisha tarehe 10 Agosti ikaifunga Morocco bao moja kwa bila huku ikiwa imebaki na wachezaji kumi. Siku ile barabara ya Namanga ililia honi mpaka usiku.

Wiki ile ile lango likabanwa. CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, waliamuru kwamba mchezo wetu na Zambia, tarehe 17 Agosti, uingiwe na watu 27,000 tu, nao Kasarani ni uwanja unaochukua zaidi ya 40,000. Tikiti ziwe za kielektroniki, karatasi hapana. FKF ikatozwa faini juu ya faini.

Msinielewe vibaya, ndugu. Wapo watu waliovamia malango pasipo tikiti, na jambo hilo lilikuwa baya. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards, watu saba walikufa katika msongamano. Walikwenda kutazama mpira, wakarudishwa kwao katika masanduku. Chama cha wafanyakazi, ambacho kila siku kinapigania mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli kiwandani, hakiwezi kusema kwamba mlango wa uwanja hauhitaji sheria. Sheria ya kulinda roho ya mtu tunaitii, na anayeivunja hatumtetei.

Lakini iko sheria ya pili, nayo hupanda mgongoni mwa ile ya kwanza kama mtoto mgongoni mwa mama, na watu wengi hawaioni. Hii hailindi roho ya mtu. Inalinda jina la kampuni.

Tazameni Afrika Kusini, mwaka 2010, Kombe la Dunia. Tarehe 14 Juni, Uholanzi ikicheza na Denmark mjini Johannesburg, wanawake 36 walitolewa uwanjani. Walimpiga nani? Hawakumpiga mtu. Walivaa magauni ya rangi ya chungwa, na rangi ya chungwa ndiyo rangi ya Uholanzi. Shida ni kwamba magauni yale yalitolewa na Bavaria, kiwanda cha pombe cha Uholanzi, na pombe iliyolipia Kombe ilikuwa Budweiser. Wawili kati yao wakashtakiwa mahakamani, halafu mashtaka yakafutwa. Miaka minne nyuma, 2006, kule Stuttgart, Ujerumani, wanaume wa Kiholanzi kwa mamia waliambiwa wavue suruali za kampuni ile ile au wasiingie. Wakavua. Wakatazama mpira na chupi zao. Mimi niliposikia habari hii nilicheka, kisha nikajiuliza: ikiwa Mzungu ndani ya Ulaya anavuliwa suruali kwa ajili ya kibandiko cha pombe, mtu wa Kitengela atavuliwa nini?

London nao, walipojiandalia Olimpiki ya 2012, walitunga sheria tangu 2006 ya kulinda hata maneno. Mwenye duka aliyeyaunganisha "2012" au "Michezo" na maneno kama "London", "dhahabu" au "medali" katika tangazo lake aliweza kujitia mashakani. Mwaka wa kalenda ukapewa mwenyewe! Na chipsi zikawa mali ya McDonald's. Wapishi wengine waliolisha wafanyakazi wa uwanja walikatazwa kuuza chipsi peke yake, ila wakiziweka pamoja na samaki.

Mtaniambia, "Hayo ni ya ng'ambo." La. Sisi tulio karibu na EPZ tunaujua ua wa namna hii kuliko watu wa London. Sheria ya EPZ ilipitishwa mwaka 1990. Mwenye mali alipewa miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni, akajengewa ua, na kwa miaka mingi sheria za kazi za nchi ziliambiwa zisubiri getini. Ilihitajika mgomo wa Januari 2003, maelfu ya watu nje ya mageti ya Athi River, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba ndani ya ua ule mna watu. Basi someni mkataba wa mashindano makubwa, mtaona ua ni ule ule. Afrika Kusini iliipa FIFA na washirika wake msamaha wa kodi ndani ya maeneo ya Kombe. Wachuuzi walizuiwa kuuza karibu na viwanja. Mwenye kibanda cha sinema anayetoza watu kiingilio, kwa herufi za kanuni za FIFA, hutakiwa apate kibali kwanza. Hesabuni vibanda vya namna hiyo kutoka hapa mpaka Isinya, mniambie wangapi wamekiona kibali hicho.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni anakuja na mwenyeji anasukumwa ng'ambo ya barabara.

Nasema "ng'ambo ya barabara" kwa sababu nimeiona kwa macho yangu. Hapa hapa kwetu, katika kiwanja kimoja cha vumbi ambacho sitakitaja, vijana wetu walikuwa na kombe lao kila mwaka. Mama mmoja alikuwa akiuza chai, mandazi na mayai ya kuchemsha chini ya mti, nyuma ya goli. Wachezaji wasio na kitu walikula kwake kwa deni, wakalipa mwisho wa mwezi. Siku moja ikaja kampuni, nayo sitaitaja, na jezi mpya, mipira sita, na hema. Tukapiga makofi. Siku ya fainali kijana mwenye fulana ya kampuni akamwendea mama akamwambia ahame, kwa kuwa vinywaji vitauzwa hemani tu. Mama akauliza, "Na chai ni kinywaji cha nani?" Hakujibiwa. Akabeba birika lake akavuka lami. Nasi tulikuwa pale, wanachama wa chama, tumevaa jezi za bure, hatukusema neno. Aibu hiyo ndiyo inayoniandikisha maneno haya.

Sasa nawajibu wanaosema kwamba bila fedha za wadhamini mpira utakufa. Mdhamini analipa, kweli. TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, huweka jina lake mbele ya mashindano ya CAF, na zawadi ya mshindi wa CHAN ile ilipandishwa ikawa dola milioni 3.5. Mtu akinunua tangazo sina ugomvi naye. Lakini uwanja ulijengwa na nani? Kasarani ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na tangu hapo mwananchi ndiye anayeutengeneza kila ukichakaa. Uwanja mpya wa Talanta, wa watu 60,000, ulioanza kujengwa Nairobi mwaka 2024, ulikopewa zaidi ya shilingi bilioni 44 kwa hati zilizoandikishwa katika soko la hisa Julai 2025, na deni lipangiwe kulipwa na mfuko wa serikali wa michezo, ambao hulishwa na kodi ya kamari. Kwa hiyo hata yule kijana anayepoteza hamsini yake kwa simu kila Jumamosi, akidhani anabahatisha, amekwisha kununua kiti Talanta. Mdhamini amelipia ubao wa tangazo. Anayelipia kiti ni sisi. Iweje mwenye ubao awe na amri juu ya mwenye kiti?

Na amri hiyo haikushuka mbinguni. Brazili ilikuwa na sheria ya kukataza pombe viwanjani, kwa sababu ya mapigano ya mashabiki. FIFA ikataka iondolewe kwa ajili ya Kombe la 2014, na mwaka 2012 Bunge likakubali. Lakini Qatar, 2022, siku mbili kabla ya kufungua, serikali ilisema pombe haiuzwi viwanjani, na haikuuzwa, mkataba wa Budweiser uwepo usiwepo. Mimi sisemi lolote hapa juu ya kunywa au kutokunywa. Nasema tu kwamba wakubwa hawa wakikataliwa na mtu mwenye nguvu, hunyamaza.

"Lakini sisi si matajiri wa Qatar." Vema. Basi wasikieni akina mama wa Salvador, Brazili. Hawa ni wauza akaraje, bajia za kunde zinazokaangwa kwa mafuta ya mawese, kazi waliyoirithi kwa bibi zao waliotoka Afrika katika utumwa. Uwanja wa Fonte Nova ulipojengwa upya waliambiwa hawana nafasi. Hawakurudi nyumbani kulia. Walikuwa na chama chao, kimeandikishwa, kina viongozi. Walikusanya sahihi kwa maelfu, wakaandamana na mavazi yao meupe, wakaenda mpaka kwenye ufunguzi wa uwanja mwaka 2013. FIFA, ambayo haikusikia la mtu, ikawapa nafasi ya kuuza.

Na tusisahau walinda malango wenyewe, maana nao ni wafanyakazi. Tarehe 13 Juni 2010, mjini Durban, baada ya Ujerumani kuichapa Australia mabao manne, walinzi wa uwanja walikusanyika kudai ujira. Walisema wamepewa randi 190 baada ya kuahidiwa zaidi. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi. Kinyume chake, mwaka 2009 wajenzi wa viwanja vile vile, watu kama 70,000, waligoma Julai pamoja na vyama vyao, wakapata nyongeza ya asilimia 12. Wajenzi walidai kabla ya Kombe, walinzi wakadai Kombe likiwa limeanza.

Ndiyo sababu naandika leo na si mwaka 2027. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka huo lilikabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda Septemba 2023. Tusingoje firimbi. Serikali na FKF watoe mkataba wa wenyeji hadharani, kwa Kiswahili, tujue ni umbali gani kutoka ukutani ambapo mama hawezi kuweka birika. Nafasi za kuuza zigawiwe wachuuzi walioandikishwa kabla ya kampuni kuchagua zao. Ujira wa walinzi na wafagiaji uandikwe na kutiwa sahihi kabla ya siku ya kwanza. Anayeingia na fulana yake asiulizwe aliinunua wapi. Na kaunti ya Kajiado, ikiwa inataka kutuwekea pazia kubwa la kutazamia mpira hapa Kitengela, itwambie mapema pazia hilo litakuwa la nani, na chai itauzwa na nani.

Daftari la majina liko kwa katibu wa tawi kila Jumamosi kuanzia saa nane. Mchuuzi, mlinzi, fundi wa jezi, mwenye kibanda cha sinema, wote waje waandikishwe, hata asiye mwanachama, barua ipate kwenda na majina mengi. Njooni na kalamu. Ya ofisi imekwisha wino.