Seva ndogo isifungwe sababu ya jirani

Shirika dogo la Bunia ao Butembo likiweka seva yake lenyewe ya barua pepe, lina haki: siri za wahanga wanaoliandikia hazitalala kwa kampuni ya ng'ambo. (Umeme ni kilio kingine.) Lakini siku moja mfadhili wa Ulaya anasema hakupata ripoti. Ripoti ilitumwa. Anwani ya seva imetiwa kwenye orodha nyeusi, na barua imekataliwa mlangoni.

Orodha hizo haziandikwi na serikali. Spamhaus, inayojulikana sana, ilianzishwa mwaka 1998, na bila kazi yake masanduku yangejaa barua za wezi. Ubaya ni kwamba kuna orodha zinazofunga anwani zote za kampuni moja ya intaneti kwa kosa la wateja wachache, kisha zinaomba pesa ili kumtoa mtu haraka. Pesa hizo zisilipwe. Kwa Spamhaus kutolewa ni bure, kosa likisharekebishwa.

Hata hivyo, kuna seva zinazofungwa kwa haki kabisa. Neno la siri ni 123456, programu ni ya zamani, ao seva inapokea barua za kila mpita njia na kuzipeleka mbele. Mwizi akishika neno la siri moja tu, kwa usiku mmoja anatuma maelfu ya barua kwa jina la shirika. Mwenye seva aweke kikomo cha barua kwa saa kwa kila mtumiaji, na asome kumbukumbu za seva kila asubuhi. Kazi hiyo inachosha, lakini hakuna mwingine wa kuifanya.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF ao DKIM, alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina. Anayetuma zaidi ya barua 5000 kwa siku kwenda Gmail anadaiwa zote mbili, pamoja na DMARC. Seva ndogo haifiki huko, lakini kuziweka zote tatu ni bure.

Linabaki jambo moja ambalo halimo mikononi mwake. Anwani ya IP ikiulizwa ni ya nani, lazima ijibu kwa jina la seva, na kwa kawaida jibu hilo linaandikwa na kampuni ya intaneti. Hapo ndipo kampuni za inchi zibanwe: zimpe mteja anwani isiyobadilika, ziandike jina lake, na zimzuie jirani anayetuma taka mbele mtaa mzima haujafungwa. Mteja aulize hayo yote kabla ya kusaini mkataba.