Mcheza Kwao Hutuzwa: Lugha na Ukimya katika Filamu ya Sugar

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Je, achezaye ugenini, tena katika lugha asiyoijua, hupata nini? Swali hili ndilo uti wa mgongo wa Sugar, filamu iliyoandikwa na kuongozwa na Anna Boden na Ryan Fleck, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mhusika mkuu, Miguel Santos, ni kijana wa Jamhuri ya Dominika mwenye kipaji cha kutupa mpira wa besiboli. Kipaji hicho kinamfikisha Iowa, Marekani, katika ligi ya daraja la chini. Ligi hizo ni mfano wa ngazi: klabu kubwa huwalea humo vijana wengi, wachache wakapanda, wengi wakaachwa njiani.

Ni rahisi kuihakiki kazi hii kama kisa cha michezo au cha uhamiaji. Uhakiki wa aina hiyo si potofu, ila unakiacha kando kiini chake, yaani lugha. Kwao, Miguel ni mcheshi, mwingi wa utani na majigambo. Huko Iowa anageuka bubu. Wazee wakulima wanaomkaribisha nyumbani mwao ni watu wema, lakini wema huo haumpi maneno. Mkahawani anaagiza chakula kile kile kila mara kwa kuwa ndicho pekee anachoweza kukitaja, hadi mhudumu mmoja anapomletea mayai yaliyopikwa kwa namna mbalimbali na kumfundisha jina la kila aina.

Sasa tuseme filamu hii itafsiriwe kwa Kiswahili. Iwapo Kihispania na Kiingereza vyote vitageuzwa kuwa Kiswahili kimoja sanifu, filamu itakuwa imeuawa. Mtazamaji ataelewa kila neno la kocha, na ukimya wa Miguel utaonekana kuwa ujinga au kiburi. Yafaa Kihispania kitafsiriwe kwa Kiswahili changamfu cha vijana, nacho Kiingereza kiachwe kilivyo pale ambapo Miguel hakielewi. Kadiri anavyojifunza, ndivyo tafsiri iingizwe hatua kwa hatua.

Wapo watakaodai kwamba mtafsiri ana wajibu wa kufafanua kila kitu. Dai hilo lina mashiko katika maelezo ya dawa au hati za mahakama. Katika sanaa, kutoelewa nako kwaweza kuwa sehemu ya maana. Mtazamaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza hatakuwa amepunjwa. Ataketi gizani pamoja na Miguel, mahali ambapo mtazamaji wa Iowa hawezi kufika.

Hatimaye Miguel anaiacha timu na kwenda New York. Huko anafanya kazi za mikono na kucheza besiboli na wahamiaji wenzake waliowahi kuikwea ngazi ile ile. Hapati tuzo aliyoiota, ila ulimi wake unafunguka tena. Mtafsiri atakayeziyeyusha lugha mbili za filamu hii kuwa moja atakuwa amemnyima Miguel hata faraja hiyo, kwani hadhira haitajua kwamba aliwahi kuipoteza sauti yake.